Bima ya Afya ya Lazima: Usipolipa Wewe, Analipa Nani?

Hamjambo watu wangu, popote mlipo. Mimi niko hapa Lowell, Massachusetts. Tangu makato ya SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, yaanze Oktoba 2024, wengi mnaniuliza: mbona Wamarekani walikataa kulazimishwa kukata bima ya afya, na sisi Kenya tunakatwa tu?

Si wote waliokataa. Jimbo hili ninaloishi lina bima ya lazima kwa sheria ya 2006, iliyotiwa sahihi na gavana Mitt Romney wa chama cha Republican. Kila mwanzo wa mwaka kampuni ya bima hunitumia fomu inayoitwa 1099-HC, na nikijaza ritani za kodi ya jimbo lazima nionyeshe nilikuwa na bima. Aliyekuwa na uwezo na hakukata, anatozwa faini.

Obama alipolieneza jambo hili nchi nzima mwaka 2010, moto ukawaka. Jaji Antonin Scalia aliuliza mahakamani: serikali ikiweza kukulazimisha kununua bima, si itakulazimisha kununua brokoli pia? Siidharau hoja hiyo. Mtu mzima ana haki ya kupanga pesa zake. Juni 2012 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikasema asiyenunua anaweza kutozwa, kwa sababu tozo hiyo ni kodi. Baadaye, chini ya Trump, faini ya kitaifa ikashushwa hadi sifuri kuanzia 2019.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1986 Reagan alitia sahihi sheria inayozikataza hospitali zinazopokea pesa za Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, kumfukuza mgonjwa wa dharura eti hana pesa. Na ni sawa kabisa, nani anataka mtu afie mlangoni? Lakini hapo uhuru wa kutokuwa na bima unageuka kuwa bili ya mtu mwingine. Ndiyo maana taasisi ya kihafidhina, Heritage Foundation, ilipendekeza bima ya lazima tangu 1989. Waliohubiri mtu ajitegemee ndio waliosema: basi lipa mapema.

Kwetu pia, Katiba kifungu cha 43 inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na kabla ya serikali kutulazimisha, sisi tulikuwa tunalazimishana zamani. Mtu akilazwa Nakuru usiku, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa kabla sijatoka zamu. Orodha inaanza: jina, elfu mbili. Jina, mia tano. Kila anayetoa anainakili upya, anaongeza lake chini. Usipoonekana humo, shangazi anakupigia simu. Hiyo nayo ni bima ya lazima, tena mbaya, kwa sababu inamtibu mwenye ukoo mkubwa na kumwacha asiye na mtu.

Kwa hivyo mimi nakubali kulazimishwa. Lakini ukinilazimisha kulipa, nami nina haki ya kukulazimisha kunitibu. Anayepata laki moja kwa mwezi alikuwa akikatwa 1,700 za NHIF, bima ya serikali iliyotangulia SHA, sasa ni 2,750, kwa sababu 2.75% ya mshahara haina kikomo. Mama mboga naye anaanzia 300 kwa mwezi. Hawa wakifika dirishani waambiwe mfumo uko chini, au wapewe karatasi ya dawa wakanunue duka la nje, hapo serikali imevunja mkataba na wanaolalamika wana haki. Msikubali mtu awaambie mnapinga afya kwa wote. Mnadai mlicholipia.

Nataka kusikia kutoka kwenu, hasa mlio mbali na miji mikubwa. Hospitali ya karibu nawe inapokea SHA? Mara ya mwisho ulipolazwa au ulipompeleka mtoto, ulitoa ngapi mfukoni juu ya ulichokatwa? Andika kaunti yako na kiasi, nitawasoma wote.