Seli shina na magoti yetu: ni nini kilichomo ndani ya sindano?

Asanteni sana, ndugu zangu, kwa kunipokea. Nilikuwa nimesimama hapa pembeni mlipokuwa mnaingia, na nimeona wengine wakitembea huku wameshika ukuta. Mzee wangu pale mbele ulikaa kwa awamu: kwanza mkono mezani, kisha ukauma meno, kisha ukajiachia. Nimekuona, mzee wangu, na mengi nitakayosema leo nayasema nikikutazama wewe.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa magoti na nyonga za watu. Zamani mgonjwa akiingia aliniuliza, "Daktari, nitapasuliwa?" Siku hizi anaingia na simu mkononi, ananionyesha video ya mtu aliyekuwa hawezi kutembea na sasa anapanda ngazi mbio, halafu ananiuliza, "Sindano hii ya seli shina itaniotesha gegedu jipya bila kupasuliwa?" Leo nimekuja kulizungumzia neno hilo, kuotesha, kwa sababu mgonjwa hakulitunga. Ameuziwa.

Tuingie ndani ya goti. Ukipitisha kamera nyembamba kwenye goti la kijana mwenye afya, utaona ncha za mifupa zimevikwa kitu cheupe, kinachong'aa, laini kama kauri iliyolowa. Hilo ndilo gegedu. Mahali pengi kwenye goti unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Sehemu yake kubwa ni maji, yaliyonaswa katika wavu wa nyuzi za kolajeni. Halina mishipa ya damu na halina mishipa ya fahamu. Seli zake ni chache mno, kila moja imejifungia katika kijumba chake peke yake, na inalishwa na ute wa goti unaosukumwa kuingia na kutoka kila unapokanyaga na kuinua mguu.

Sasa fikirini. Ukijikata kidole, damu inakuja na kila kitu: seli za kusafisha, seli za kujenga, chakula cha ujenzi wenyewe. Gegedu likichanika, damu haifiki. William Hunter, daktari Mskoti aliyefanya kazi London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka 300 imepita tangu hapo.

Na kuna utafiti mmoja ambao kila nikiukumbuka nasisimkwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1963, mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia hewani kwa majaribio. Kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, ikaongezeka angani, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwa wanyama, ikaingia mwilini mwa kila aliyekuwa hai. Kwa hiyo tishu iliyojengwa miaka ile ina alama ya miaka ile. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichukua gegedu la magoti ya watu waliozaliwa nyakati mbalimbali, wakapima alama hiyo. Walikuta kolajeni ya gegedu ni ileile iliyojengwa mtu akiwa bado anakua. Baada ya hapo haibadilishwi, iwe katika goti zima au goti lililolika. Nyuzi zinazokubeba ukiwa na miaka 70 ulizipata ukiwa kijana.

Kwa hiyo anayekuambia sindano moja itafanya kile ambacho mwili wako mwenyewe haujakifanya tangu ubalehe anadai jambo kubwa sana. Ana deni la ushahidi mkubwa vilevile.

Sasa, kama gegedu halina mishipa ya fahamu, mbona goti linauma?

Swali hili ningependa mlibebe mwende nalo nyumbani. Maumivu yanatoka kwa majirani wa gegedu: mfupa ulio chini yake, utando unaotengeneza ute, mfuko unaolifunga goti, mafuta yaliyo chini ya pia ya goti. Utando ukiwaka, goti linavimba na kuuma. Ndiyo maana nimewahi kuweka eksirei mbili ukutani, zote zimelika kwa kiasi kilekile, mmoja wa wenye magoti hayo halali usiku kwa maumivu na mwenzake alikuja kwa sababu ya bega. Na lile tunaloambizana kila siku, kwamba "ute umekauka", mara nyingi si kweli. Goti lililovimba huwa na ute mwingi kuliko kawaida, ila umekuwa mwepesi, umepoteza utelezi wake. Nikiuvuta kwa sindano mgonjwa hushangaa: "Kumbe wote huo ulikuwa humo?"

Maumivu na gegedu, basi, ni mambo mawili. Dawa inaweza kupunguza maumivu bila kuotesha chochote. Msipoyatenganisha haya, mtu yeyote anaweza kukuonyesha mgonjwa aliyepata nafuu, akakuuzia gegedu.

Tuje kwenye seli zenyewe. Seli shina ni seli ambayo haijachagua kazi. Inaweza kujigawa ikabaki kama ilivyo, na inaweza kuzaa seli ya kazi maalumu. Kanada, kuanzia 1961, James Till na Ernest McCulloch walionyesha kwamba kwenye uboho, ule ulio ndani ya mifupa, kuna seli moja inayoweza kuzaa aina mbalimbali za seli za damu. Juu ya msingi huo leo watu wenye saratani ya damu wanapandikizwa uboho na kupona. Tiba hiyo ni ya kweli, imeokoa maisha ya watu wengi, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimesema seli shina ni uongo.

Lakini zinazochomwa magotini ni za ukoo mwingine. Alexander Friedenstein alizichunguza huko Urusi: seli za uboho ambazo maabara inaweza kuzilea zikawa mfupa, gegedu au mafuta. Mwaka 1991 mwanasayansi Mmarekani Arnold Caplan alizipa jina lililoenea, seli shina za mesenkaima. Na ni Caplan huyohuyo aliyeandika mwaka 2017 kuomba jina hilo libadilishwe, kwa sababu linawapotosha wagonjwa. Kwa maoni yake, seli hizi zikiingizwa mwilini hazigeuki kuwa tishu mpya. Kazi yake ni kutoa kemikali zinazozungumza na seli za hapo zilipofika, kutuliza uvimbe, kuita msaada. Aliyezipa jina amesema jina limewapoteza watu. Mimi namheshimu sana kwa hilo.

Sindano yenyewe inakuwaje? Nawaeleza kwa sababu wengi wanalipa bila kuelezwa. Unalala kifudifudi. Unapigwa ganzi nyuma ya nyonga, pale mfupa unapojitokeza chini ya kiuno. Sindano nene inasukumwa kwa kuzungushwa hadi ivuke ganda la mfupa, nawe unasikia msukumo mzito zaidi ya uchungu. Kisha daktari anavuta, na hapo ganzi haifiki vizuri: wagonjwa husema ni kama kitu kinanyonywa kutoka ndani ya mguu mzima. Unatoka uboho mwekundu uliokolea, mililita 60 hivi. Unawekwa kwenye mashine inayozungusha kwa kasi, matabaka yanajitenga, lile lenye seli linachukuliwa, mililita chache tu, na linachomwa gotini kwa kuongozwa na ultrasaundi. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Katika mililita hizo chache, seli zile alizozipa jina Caplan ni ngapi? Katika uboho wa mtu mzima hazifiki hata 1 kwa kila seli 10,000. Zinazobaki ni seli za damu za kawaida. Kliniki nyingine huchukua mafuta ya tumbo, ambayo yanazo nyingi zaidi. Nyingine hazikugusi kabisa, zinafungua kichupa wanachosema kimetoka kwenye kitovu cha mtoto au maji ya uzazi. Maabara zilizochunguza baadhi ya vichupa vya namna hiyo vinavyouzwa zilikuta hakuna seli shina hai hata moja.

Alinijia mama mmoja, amechomwa sindano tatu mahali ambapo sitapataja. Alikuwa na folda safi, kila karatasi kwenye mfuko wake wa plastiki. Nikazipitia zote. Kulikuwa na risiti, picha ya goti yenye rangi nzuri, na cheti chenye jina lake. Hapakuwa na mstari mmoja uliosema seli zilitoka wapi, zilikuwa ngapi, wala kama zilikuwa hai. Nikamuuliza, "Mama, walikuchoma nini?" Akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu, waliniambia ni seli."

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa na maumivu.

Haya, ushahidi unasemaje? Nitataja majaribio mawili, kwa sababu yamefanywa kwa uadilifu. La kwanza lilichapishwa 2017, kutoka hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani. Wagonjwa 25, kila mmoja anaumwa magoti yote mawili. Goti moja likachomwa seli za uboho wake mwenyewe, la pili likachomwa maji ya chumvi, na mgonjwa hakujua lipi ni lipi. Magoti yote mawili yalipata nafuu. La maji ya chumvi likaenda sambamba na la seli. Mtu yuleyule, mwili uleule, na hakuweza kuyatofautisha.

La pili ni kubwa, lilichapishwa 2023 katika jarida la Nature Medicine. Wagonjwa zaidi ya 470 waligawanywa kwa nasibu: seli za uboho, seli za mafuta, seli za kitovu, na kundi lililochomwa sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja, hakuna seli iliyoishinda steroidi kwa maumivu, na picha za MRI hazikuonyesha gegedu limeongezeka. Na steroidi yenyewe, ndugu zangu, si dawa ya kuchomwa ovyo. Jaribio jingine la 2017 lilionyesha kwamba ikirudiwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, gegedu linapungua zaidi kuliko kwa maji ya chumvi.

Wapo watakaoniambia kuna majaribio yaliyotoa matokeo mazuri. Yapo, mengi yake madogo. Yakiwekwa pamoja yanaonyesha huenda kuna nafuu kidogo ya maumivu. Nafuu kidogo si dharau kwa mtu asiyelala. Lakini hiyo ndiyo lugha tunayopaswa kutumia: huenda, na kidogo. Tusiseme kuotesha.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada, uliza. Swali, kama wengine hamkusikia: "Si afadhali mtu ajaribu tu, kwa kuwa si upasuaji na haina madhara?"

Asante, hilo neno "haina madhara" nilikuwa nalingoja. Ukitumia uboho wako mwenyewe, mikononi mwa daktari makini, madhara makubwa ni nadra: uvimbe na maumivu ya siku chache. Lakini kila sindano inayoingia gotini inaweza kuingia na bakteria. Mwaka 2018 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza wagonjwa 12, katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona, waliolazwa kwa maambukizi baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu, wengi wao viungoni au mgongoni. Vichupa vilikuwa na bakteria kabla ya kufunguliwa. Hadi leo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa ugonjwa wa viungo. Na kuna madhara mengine hayaandikwi kwenye fomu: mtu anatumia akiba yake yote, anakaa miezi akisubiri gegedu liote, anaogopa kutembea asije akaliharibu, na msuli wa paja unasinyaa.

Ukiamua kujaribu, nenda kwenye utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili, ambako hulipishwi kwa kuwa mtu wa majaribio. Uliza seli zinatoka wapi, ni ngapi, zimepimwa na nani, na ni nani atakayekufuatilia mwaka mzima. Asiyekujibu, mwage.

Mtu mwenye jeraha dogo la gegedu, kijana aliyeumia mchezoni, huyo ana mlango mwingine. Tangu 1994 madaktari wa Sweden wameonyesha kwamba seli za gegedu lake zinaweza kulelewa maabara na kurudishwa kuziba shimo. Lakini huo ni upasuaji, na ni kwa shimo, si kwa goti zima lililolika. Kwa lililolika kabisa, kubadilisha goti kunasaidia watu wengi sana, na naomba msiliogope neno lile kiasi cha kukimbilia chochote kilichoandikwa "bila upasuaji".

Katikati ya hapo kuna kazi isiyo na video ya kuvutia. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo 1 anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Na msuli wa paja ukiwa na nguvu, unabeba kile ambacho gegedu haliwezi tena kubeba. Msuli, tofauti na gegedu, unaota. Hata kwa mwenye miaka 80 unaota.

Tujaribu sasa hivi, wote, hapohapo mlipokaa. Mgongo unyooke, shika pembeni mwa kiti. Nyoosha mguu mmoja mbele mpaka uwe sawa na sakafu, vidole vitazame juu. Usipige teke, inua taratibu. Mtasikia juu ya goti panakaza, papo hapo ndipo penyewe. Mzee wangu pale mbele, na wewe, huohuo unaouma, hadi pale unapoweza tu. Tuhesabu pamoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Shusha polepole. Haya, tena.