Rangi ya Batiki na Jua la Tanga: Jipimie Mwenyewe

Habari zenu watazamaji. Tuko Ngamiani, Tanga. Wateja wa batiki huuliza, "Hiki hakichuji?" Wangeuliza pia kama hakipauki, maana rangi inayostahimili sabuni inaweza kushindwa na jua.

Chukua kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi inayoshikishwa kwa magadi soda. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilizileta rangi hizi sokoni mwaka 1956. Molekuli ya rangi hufungamana kikemia na selulosi, ule mnyororo mrefu wa molekuli unaojenga uzi wa pamba. Ndiyo maana haitoki kwa kufuliwa.

Kifue kwa sabuni na maji ya moto mpaka maji yatoke safi. Hapa usifanye haraka. Rangi ambayo haikufungamana ikibaki, kipimo kizima kimeharibika.

Sasa kata vipande vitatu. Kila kimoja kifunike nusu kwa kadibodi iliyozungushiwa foili, ubane kwa vibanio vya nguo. Cha kwanza kianike juani. Cha pili nacho juani, ila chini ya kioo cha dirisha. Cha tatu kianike kama cha kwanza, lakini kinyunyizie maji ya bomba mara kwa mara.

Baada ya wiki kadhaa, fungua. Tazameni mstari huu hapa katikati: juu, palipofunikwa, bado ni damu ya mzee, chini pameelekea waridi.

Molekuli ikifyonza mwanga, elektroni zake hupanda kiwango cha juu cha nishati. Mara nyingi nishati hiyo huishia kuwa joto tu, na rangi inabaki salama. Mara chache hupokelewa na oksijeni, nayo ikawa kali, ikashambulia sehemu ileile ya molekuli inayofyonza mwanga. Sehemu hiyo ikikatika, rangi imekwisha, hata kama mabaki yake bado yameng'ang'ania uzi. Unyevu huharakisha kazi hii kwa rangi nyingi za pamba, na sisi wa pwani unyevu tunao tele.

Kioo huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, lakini mwanga wa kawaida unapita, na rangi inaufyonza pia. Kwa hiyo kioo huchelewesha tu.

Nguo zenu anikeni kivulini, ndani nje. Kwa mapazia, muulizeni muuza rangi kipimo cha uimara kwenye mwanga: huanzia 1 hadi 8, na 8 ndiyo imara zaidi. Mimi chini ya 6 sinunui.