Wafupi wa FDU na Mtoto wa Lubumbashi

BARAKA: Karibuni kipindini. Leo ni Jumamosi, Machi 18, 2023. Raundi ya kwanza ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu Marekani, yaani NCAA, imekwisha usiku wa kuamkia leo. Dada Zuhura, ulilala kweli?

ZUHURA: Nilale vipi, kaka? Fairleigh Dickinson, yaani FDU, 63, Purdue 58! Timu iliyopangwa namba 16, ya mwisho kwa ubora katika kundi lake, imemtoa namba 1. Kwa wanaume hii ni mara ya pili tu. Ya kwanza ilikuwa 2018, UMBC, chuo cha Baltimore, walipoifunga Virginia 74 kwa 54.

BARAKA: Na wengi wameshaiita muujiza.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapogombana nao. Muujiza gani? Purdue wana Zach Edey, mita 2.24. FDU ndio timu fupi kuliko zote 363 za daraja la kwanza, na nahodha wa mashambulizi yao, Demetre Roberts, ana mita 1.73. Sasa ukiwa mfupi hivyo, humsubiri Edey chini ya kapu. Wao waliwakaba Purdue uwanja mzima, tangu mpira unaporushwa ndani. Edey akiomba pasi, mmoja yuko mbele yake, mwingine mgongoni. Wenzake wakaachwa wazi kwa makusudi: haya, tupeni kutoka mbali!

BARAKA: Wakatupa.

ZUHURA: Wakaingiza 5 kati ya 26 za pointi tatu.

BARAKA: Lakini hapo si Purdue wenyewe walikosa? Wangeingiza mbili tu zaidi, tungekuwa tunaongea mengine.

ZUHURA: Kweli, bahati haikukosekana kabisa. Ila kaka, mtu aliyekimbizwa nusu saa nzima hatupi kama mtu aliyepumzika. Edey kamaliza na pointi 21 na ribaundi 15, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka yeye. Ukisomewa takwimu hizo peke yake, utasema Purdue walishinda. Alikuwa anapata chake, lakini mpira haukumfikia walipomhitaji zaidi, mwishoni.

BARAKA: Nami nilimpenda Sean Moore. Pointi 19, mechi inachezwa Columbus, na yeye ni kijana wa huko huko! Ile pointi tatu ya dakika za mwisho, 61 kwa 56, nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka.

ZUHURA: Na msimu uliopita timu hii ilishinda mechi 4 tu! Kocha Tobin Anderson kaja kutoka chuo cha daraja la pili, kaja na wachezaji wake watatu: Roberts, Grant Singleton na huyo huyo Moore. Hata ubingwa wa ligi yao hawakuuchukua. Merrimack waliwafunga fainali, 67 kwa 66, ila kanuni zikawazuia Merrimack kuingia NCAA kwa sababu bado wanahamia daraja la kwanza, nafasi ikawa ya FDU.

BARAKA: Princeton nao wamemtoa Arizona, 59 kwa 55. Furman wamewatoa Virginia kwa pointi moja. Lakini mimi moyo wangu ulikuwa Greensboro, kwa Oscar Tshiebwe wa Kentucky.

ZUHURA: Mtoto wa Lubumbashi!

BARAKA: Kentucky 61, Providence 53. Ribaundi 25, dada! Ishirini na tano! Wakati pointi alizofunga ni 8. Kikapu kikikataa, yeye keshajua mpira utaangukia wapi. Tena kwa nafasi anayocheza si mrefu wa kutisha, ana mita 2.06 hivi.

ZUHURA: Ndiyo ninayoisema tangu mwanzo. Mpira unamfuata anayeufuata.

BARAKA: Na mwaka jana aliumia sana moyoni. Alikuwa mchezaji bora wa vyuo wa mwaka, akafunga 30 na ribaundi 16, lakini Saint Peter's, namba 15, wakawatoa raundi hii hii, 85 kwa 79, baada ya dakika za nyongeza. Jana filimbi ya mwisho ilipolia nilifurahi kwa ajili yake kama ndugu yangu wa damu.

ZUHURA: Kesho Kentucky na Kansas State, FDU na Florida Atlantic. Florida Atlantic wana kasi, hawatategemea mtu mmoja mrefu, kwa hiyo ule mtego wa Edey hautafaa. Naogopa kidogo.

BARAKA: Utawaacha FDU?

ZUHURA: Siwaachi. Chai ya tangawizi iko tayari kwenye chupa.