Florini: gesi iliyowatoa jasho wakemia

Habari za mchana. Mwalimu wenu ameniomba nizungumzie halojeni, ule ukoo wa florini, klorini, bromini na iodini. Muda hautoshi kuzimaliza zote, kwa hiyo nimechagua iliyo korofi kuliko wenzake: florini.

Kuipata klorini hakuna tabu: asidi haidrokloriki na manganizi dioksidi, pasha moto, gesi inatoka. Bromini na iodini zinafukuzwa na klorini kwenye chumvi zao. Florini je, itafukuzwa na nani? Yeye ndiye anayewanyang'anya wote elektroni.

Ukabaki umeme, yaani kuupitisha kwenye asidi ya haidrojeni floridi ili florini itengane. Napo pana mtego. Maji yakiwepo, inatoka oksijeni. Ukiyaondoa, haidrojeni floridi kavu haipitishi umeme, tena inaunguza mapafu. Louyet wa Ubelgiji na Nicklès wa Ufaransa walikufa wakiihangaikia.

Juni 1886, Paris, Henri Moissan alitumia mrija wa U wa platinamu na iridiamu, vizibo vyake vya madini ya floriti, ambayo yameshashiba floridi na hayaliki tena. Akaupoza hadi kama nyuzi 50 chini ya sifuri. Gesi ilipogusa silikoni, silikoni ikawaka yenyewe. Lakini wajumbe wa Akademia ya Sayansi walipokuja kushuhudia, kimya! Safari hii aliisafisha mno ile haidrojeni floridi, ikakosa masalia ya potasiamu floridi, kumbe ndiyo yaliyokuwa yanapitisha umeme. Alipoirudishia, gesi ikatoka. Mimi kisa hiki nakipenda kuliko Nobeli aliyopewa 1906.

Viwanda vya leo vinafuata njia ileile, ila kwa chombo cha chuma na anodi (ncha chanya ya umeme) ya kaboni.

Najua hapa Arusha mtaniuliza kuhusu meno ya kahawia. Hiyo ni floridi, iliyokwisha kupata elektroni yake ikatulia, nayo inatoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Gesi yenyewe haikai kisimani. Ikigusa maji inayavunja.

Umeme ulitawala miaka 100. Mwaka 1986 mkemia Karl Christe akaipata florini kwa kemia tupu. Alichukua chumvi ya manganizi yenye floridi sita, akaipasha moto pamoja na antimoni pentafloridi. Antimoni ikavuta floridi mbili, ikabaki manganizi tetrafloridi, kampaundi isiyojiweza, ikavunjika na kuiachia florini. Hakuna aliyemnyang'anya mtu elektroni kwa nguvu.

Haya, maswali.