Mnaniita profesa: jibu langu kuhusu mshahara, viza na hicho Kilatini

Habari zenu jamani. Leo sikupanga kurekodi, ila swali ni lile lile kila video, na juzi limekuja kwa maneno ambayo mama yangu ameyasoma, kwa hiyo nalijibu. "Kaka unafundisha chuo kikuu Uingereza, mbona kwenu hujajenga?" Mwingine chini yake: "Profesa wa Kilatini, maringo tu, hana kitu." Nikieleza hali yangu mtasema nalalamika. Nikinyamaza mtasema naringa. Basi bora niseme.

Kwanza, mimi siyo profesa. Nina PhD, nafundisha Kigiriki cha kale na Kilatini kwa mkataba wa muda. Mwenye kazi yake yuko likizo ya utafiti, mimi nimeshika vipindi vyake. Akirudi, naondoka. Mambo ya baridi na chakula mmeshayasikia kwa wengine, siyarudii.

Mkataba wangu unaanza Septemba mosi, unaisha Juni 30. Miezi 10. Julai na Agosti hakuna mshahara, na mwenye nyumba anataka kodi yake kama kawaida. Halafu siyo kazi kamili, imeandikwa 0.6, yaani siku tatu kwa wiki. Sasa piga hesabu na mimi. Tangazo la kazi lilisema pauni 40,000 kwa mwaka. Asilimia 60 ya hiyo ni 24,000. Kwa miezi 10, inabaki 20,000. Hapo serikali haijakata kodi, pensheni haijakatwa. Ila mtu anaichukua ile 40,000, anaigeuza shilingi, anaitupia kwenye grupu la ukoo.

Na hilo la grupu acha nilitoe moyoni. Mwaka jana kulikuwa na harusi ya binamu yangu, nikachanga laki mbili. Ilikuwa Agosti. Nikaandikiwa mbele ya watu wote: "Profesa mzima wa Ulaya, laki mbili?" Mwezi ule nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye ghala la vifurushi, natoka saa kumi na mbili asubuhi, nalala, naamka naandaa masomo ya Septemba ambayo hakuna anayenilipa kuyaandaa. Sikujibu. Iliniuma na bado inaniuma.

Hizo siku tatu nazo ni za kwenye karatasi. Kilatini cha wanaoanza kina vipindi vinne kwa wiki, na anayeanza Kilatini ukimwacha wiki moja tu amepotea, lazima usahihishe zoezi lake kila siku. Kigiriki vivyo hivyo. Muhula uliopita nilikuwa na insha 62, kila moja maneno 2,500, na muda niliopangiwa kwa insha moja ni dakika 20. Mtoto wa watu ameandika kwa wiki tatu, mimi nimsome kwa dakika 20? Siwezi. Namsoma mpaka nimwelewe, na huo muda ni wangu.

Viza sasa, maana hapa ndipo wengi mnanitumia ujumbe faraghani. Nilipomaliza PhD nilichukua viza ya wahitimu, ambayo kwa mwenye PhD ni miaka 3. Ada ya afya, ile ya kutumia huduma za afya za serikali huku, ni pauni 1,035 kwa mwaka, na unailipa yote kwa mkupuo: pauni 3,105, mbali na ada ya maombi yenyewe. Nilikopa kwa rafiki, nimemaliza kumlipa Februari. Viza hiyo haiongezwi. Ikiisha, unahitaji mwajiri wa kukudhamini, na tangu Julai 2025 kiwango cha chini cha kawaida cha mshahara kwa viza ya kazi ya ujuzi ni pauni 41,700 kwa mwaka. Ndiyo, kuna nafuu kwa wenye PhD na kwa wanaoanza kazi. Nimezisoma zote. Mkataba wa 0.6 haufiki hata kwa hizo nafuu. Mimi nimebakiwa na miezi 11.

Jingine linaloniumiza ni Julai mosi. Nilikuwa nasoma makala kwa ajili ya andiko langu, nikafungua kompyuta asubuhi, nimefungiwa. Barua pepe imefungwa, maktaba imefungwa. Bila kuchapisha hupati kazi ya kudumu, na bila maktaba huchapishi. Septemba nikarudi chumba kile kile, wakanidai upya uthibitisho kwamba naruhusiwa kufanya kazi nchini, kama vile hawajawahi kuniona.

Kwa hiyo wewe mdogo wangu unayeuliza "na mimi nije nisome hayo?", siwezi kukwambia njoo wala usije. Nasema ya kwangu. Wapo waliopata kazi ya kudumu mwaka wa kwanza, wapo wenye mwenza mwenye mshahara. Hali zetu hazifanani.

Ila yule aliyeuliza Kilatini na Kigiriki vinanisaidia nini, huyo namjibu vizuri. Mimi Kilatini nilikianza seminari ndogo, nikiwa kidato cha kwanza. Kigiriki nilikikuta huku. Kuna mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, unaitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea, jina la kale la Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, na unafika mpaka pwani yetu. Unataja soko la Rhapta, na unasema jina limetokana na mashua za kushonwa. Mitepe, jamani! Unataja kisiwa cha Menouthias, wengine wanasema ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia, ambako watu wana mitumbwi ya gogo moja na wanakamata kasa kwa vikapu badala ya nyavu.

Vikapu hivyo wanavishusha kwenye "midomo" ya kitu fulani, na hilo neno linalofuata ni gumu kweli. Nikamtumia mjomba wangu Bagamoyo ujumbe wa sauti, maana amevua kwa madema, ile mitego ya kusuka kama vikapu, maisha yake yote. Akanijibu dakika nne nzima. "Mjomba, dema hulitupi popote. Unalitega mlangoni pa mwamba. Maji yakianza kutoka, kila kilichomo ndani kinapita pale pale, awe samaki, awe kasa."

Niliwasikilizisha wanafunzi sauti yake, pamoja na mawimbi yanayosikika nyuma, nikawatafsiria sentensi kwa sentensi. Binti mmoja wa mstari wa mbele akafuta "midomo" kwenye daftari lake, akaandika "njia ya maji kwenye mwamba", akaniuliza jina la mjomba linaandikwaje ili aliweke kwenye maelezo ya chini.

Haya, nina insha 41 mezani. Mama, nitakupigia Jumapili.