Mtikisiko Ukipita, Ukosefu wa Ajira Hubaki kwa Muda Gani?

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi mlangoni, asanteni kwa kuja. Naomba tuanzie Hispania.

Mwaka 2007 kiwango cha ukosefu wa ajira Hispania kilikuwa karibu asilimia 8. Sekta ya ujenzi ikaporomoka, wenye mikataba ya muda wakawa wa kwanza kutolewa, na mwanzoni mwa 2013 kiwango kikapita asilimia 26. Mwaka 2019 kilikuwa bado kama 14 hivi. Marekani nayo ilifika asilimia 10 Oktoba 2009, lakini mwishoni mwa 2019 ilikuwa imeshuka hadi karibu 3.5. Takwimu za mwaka mmoja zitakuonyesha nani ameumia zaidi. Hazikuonyeshi nani atachelewa kupona, na kwa mtu anayeamka kila asubuhi bila kazi, hilo la pili ndilo zito.

Tunalipimaje? Tunauliza: katika kile kilichozidi kiwango cha kawaida mwaka jana, ni sehemu gani imebaki mwaka huu? Chukueni nchi ambayo kawaida yake ni asilimia 6. Mtikisiko wa uchumi unaipandisha hadi 10, yaani kuna ziada ya 4. Kama kila mwaka nusu ya ziada inabaki, mtaona 8, kisha 7, kisha 6.5. Kama kila mwaka inabaki sehemu tisa kati ya kumi, mtaona 9.6, kisha 9.2, kisha 8.9. Hiyo 0.5 au 0.9 ndiyo kizidishi tunachokitafuta kwenye data. Kwa 0.5, ziada hupungua kwa nusu ndani ya mwaka mmoja. Kwa 0.9, inachukua kama miaka sita na nusu. Kwa 0.95, miaka kumi na tatu na nusu. Angalieni vizuri hapo: tofauti ya 0.05 kwenye karatasi ni miaka saba ya maisha ya watu. Na tafadhali, msilinganishe kizidishi cha robo mwaka na cha mwaka mzima, 0.97 kwa robo mwaka ni kama 0.89 kwa mwaka.

Kizidishi kikifika 1, ziada haiondoki tena. Wanauchumi Olivier Blanchard na Lawrence Summers waliliandikia jambo hili mwaka 1986, wakiitazama Ulaya Magharibi, ambako ukosefu wa ajira ulipanda miaka ya 1970 ukagoma kushuka. Walisema waliobaki kazini ndio wanaojadili mishahara, wakijilinda wenyewe, na aliyeachishwa hana kiti mezani. Mimi naongeza lile tunaloliona hata huku kwetu: ujuzi usiotumika huchakaa, na mwajiri akiona miaka mitatu mitupu kwenye wasifu wa mwombaji, anaweka pembeni anachukua mwingine.

Sasa tahadhari, maana kizidishi hiki hudanganya. Data ikiwa fupi, makadirio huwa chini ya ukweli, nasi tunajipa matumaini yasiyo na msingi. Kinyume chake pia hutokea: kama kawaida ya nchi ilihama mara moja tu, tuseme kutoka 4 hadi 9, hesabu inaweza kudai kwamba mitikisiko yote ni ya kudumu. Mwanauchumi Pierre Perron alilionyesha hilo mwaka 1989. Halafu kuna 2020, mwaka wa UVIKO-19. Marekani ilikaribia asilimia 15 mwezi Aprili, kisha ikashuka kwa kasi, kwa sababu wengi walikuwa wamesimamishwa kwa muda tu na waajiri wao wakawaita tena. Ukiuingiza mwaka huo bila kufikiri, utaamini Marekani hupona upesi kuliko inavyopona kweli.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni Afrika Kusini. Tangu utafiti wao wa nguvukazi wa kila robo mwaka uanze 2008, kiwango rasmi hakijawahi kuwa chini ya asilimia 20. Mwishoni mwa 2021 kilifika 35.3. Kizidishi hupima jinsi nchi inavyorudi kwenye kawaida yake yenyewe. Kama kawaida hiyo ni asilimia 25, kurudi haraka si kupona. Ndiyo maana lazima tutazame pia watu wenyewe: miaka ya karibuni, kama watatu kati ya kila wanne wasio na ajira Afrika Kusini wamekaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Nchi mbili zinaweza kuwa na asilimia 10 zote, moja watu wakipokezana, nyingine wakiwa ni walewale.

Na Tanzania je? Utafiti wetu wa nguvukazi ulifanyika 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Nukta tano za takwimu. Hakuna mtaalamu duniani atakayekupa kizidishi cha kuaminika kutoka nukta tano zilizoachana kwa miaka sita, minane, kumi. Tena kwetu wengi hawamudu kukaa bila kazi. Wanashika kibarua chochote, na kwenye jedwali wanahesabika wameajiriwa. Ombi langu kwa wenye mamlaka ni sampuli ndogo, kila robo mwaka, kwa tafsiri ileile ya ajira isiyobadilishwa. Kaya hizohizo zirudiwe mara kadhaa, na kwenye dodoso pasikosekane maswali mawili: unatafuta kazi tangu mwezi gani, na wiki iliyopita ulitaka saa ngapi za kazi ukazikosa.