Viwimbi Juu ya Jina: Kusoma Insha za Ngũgĩ wa Thiong'o Tukiwa Tabora

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mlioacha vivuli vya miembe yenu kwa jua hili, shikamooni. Vijana wa kidato cha tano na sita, hamjambo.

Tuko hapa kujifunza kusoma insha za mtu ambaye wengi tunamjua kwa riwaya. Ngũgĩ wa Thiong'o alizaliwa Limuru mwaka 1938, akafariki Marekani Mei 2025. Kitabu tutakachokaa nacho ni Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Ni chembamba, sura nne na utangulizi, na wembamba wake ndio unaowaponza wasomaji: mtu anakimaliza kwa siku mbili, anaondoka na kaulimbiu moja kwamba Kiingereza ni kibaya, basi.

Tuanze na jina lililo kwenye jalada. Juu ya u na juu ya i ya mwisho kuna alama kama kiwimbi. Hilo si pambo. Kikuyu kina irabu saba, na herufi za irabu tulizoachiwa ni tano. Viwimbi vinazaa mbili zilizopungua. Ile ũ inaangukia kati ya u na o, na ĩ kati ya i na e. Anayetamka "Ngugi" kwa u ya "mguu" ametaja jina jingine. Na hiyo th ya Thiong'o hutamkwa kama dh ya dhahabu, si th ya thelathini. Ng' tunayo wenyewe kwenye ng'ombe. Shikeni hesabu hiyo ya irabu saba, tutairudia, maana Kinyamwezi nacho kina saba.

Sasa kazi yenyewe. Kosa kubwa la msomaji wa mkusanyiko wa insha ni kuusoma kama riwaya, kana kwamba mwandishi aliketi siku ya kwanza akaandika mpaka mwisho. Insha nyingi zilikuwa hotuba kabla hazijawa kurasa. Zilitolewa mahali fulani, mbele ya watu fulani, na mara nyingi kumjibu mtu. Kwa hiyo kabla ya kusoma sura yoyote, funua kurasa za mwanzo ambazo wengi huziruka, zile za shukrani na maelezo ya uchapishaji, halafu chora safu nne kwenye daftari: mwaka ilipotolewa, mahali, waliokuwa wanasikiliza, na anayejibiwa. Mwaka wa kitabu andika pembeni, usiuchanganye na mwaka wa insha. Sehemu kubwa ya kitabu hiki ilitolewa kama mihadhara katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwaka 1984. Mnaona tayari: Mkenya aliye uhamishoni anazungumza na watu wa mbali, ndiyo maana anaeleza mambo ambayo mtu wa Limuru asingehitaji kuelezwa.

Safu ya wasikilizaji ndiyo inayolipa zaidi. Chukueni mkusanyiko wake wa kwanza, Homecoming, wa 1972. Humo mna hotuba aliyoitoa mwaka 1970 mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, Nairobi, na alianza kwa kusema kwamba yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo. Ukiisoma bila kujua nani walikuwa wamekaa mbele yake, utaona ni maneno ya kawaida ya msomi. Ukijua, utaelewa kwa nini mzee mmoja alisimama na fimbo yake kwa hasira akamuuliza: kama wewe si Mkristo, mbona unaitwa James? Wakati huo vitabu vyake vilikuwa vinatoka kwa jina la James Ngugi. Mzee alipatia, na hiyo James ikaondoka. Nakala za zamani za riwaya zake za kwanza bado zina jina lile, kwa hiyo mkiiona kwenye rafu msidhani ni mwandishi mwingine.

Mwaka nao una mtego wake. Mwanafunzi akiulizwa Ngũgĩ aliacha lini kuandika kwa Kiingereza, hujibu 1986. Lakini mwanzoni mwa kitabu mwandishi mwenyewe anataja kwaheri mbili. Ya kwanza ni ya 1977, baada ya riwaya ya Petals of Blood: tamthilia, riwaya na hadithi fupi, basi kwa Kiingereza, ila insha za kufafanua mambo aliendelea nazo. Ya pili ni ya 1986: sasa basi kwa kila kitu, kuanzia hapo ni Kikuyu na Kiswahili. Kwaheri ya kwanza ilishika. Caitaani Mũtharabainĩ, Matigari na Mũrogi wa Kagogo zote ziliandikwa kwa Kikuyu kwanza. Ya pili ilivuja: insha nyingi zilizofuata, na kumbukumbu za maisha yake alizoanza kuzitoa 2010, ziliandikwa kwa Kiingereza. Silisemi hili kumfedhehesha marehemu. Nasema tu kwamba neno la mwandishi kwenye dibaji ni ahadi, na ahadi hukaguliwa kwa kutazama orodha ya vitabu vilivyofuata.

Safu ya anayejibiwa tuijaze kwa mfano mmoja, na huu nauomba mkae nao. Sura ya kwanza inafunguka na mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, Juni 1962. Ulikuwa wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza, jina lake lenyewe lilisema hivyo. Ngũgĩ, wakati huo mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa, alialikwa. Shaaban Robert hakustahili. Ngũgĩ anaandika hili kwa uchungu: mshairi mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, mwenye vitabu vya nathari na vya ushairi, alikuwa nje ya mlango kwa sababu ya lugha, na hali kadhalika Fagunwa wa Nigeria aliyeandika kwa Kiyoruba. Msomaji wa Tanzania anaweza kuongeza jambo moja kando ya ukurasa huo: Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962.

Katika mpangilio wa kusoma, shauri langu litawaudhi wanaopenda utaratibu. Msianze na sura ya kwanza. Ina hoja nyingi za nadharia, lugha kama mawasiliano, lugha kama utamaduni, Marx kidogo, na msomaji mgeni hukwama kwenye hizo akadhani kitabu chote ni hivyo. Someni dibaji mpate tarehe, kisha rukeni mpaka sura ya tatu, juu ya riwaya. Hapo anazungumza fundi.

Anasimulia alivyokamatwa mwisho wa Desemba 1977, baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ na kisha kupigwa marufuku. Akiwa gereza la Kamiti, seli namba 16, aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Wasomaji wengi huishia hapo kwenye karatasi, kwa kuwa ni kisa kitamu. Endeleeni, kwa sababu kinachofuata ni tatizo la kiufundi. Anaandika aya usiku akiridhika nayo; kesho akiisoma, inatoa maana nyingine. Maandishi ya Kikuyu yaliyokuwepo hayakuonyesha vya kutosha irabu ndefu na fupi, wala toni, yaani sauti kupanda na kushuka. Akajaribu kuandika irabu mbilimbili mahali panapovutwa. Ndiyo maana mnaona aa mbili kwenye Caitaani. Hapo ndipo neno "lugha ya mama" linapoacha kuwa la jukwaani na kuwa suala la herufi ngapi ziende wapi.

Kisha angalieni kitabu hicho cha Caitaani kilivyopokelewa. Wachapishaji walitoa nakala 5,000, na katika muda wa mwezi ikabidi wachape 5,000 nyingine. Kilisomwa kwa sauti majumbani, kwenye matatu, na kwenye baa. Msomaji wa baa alikuwa mjanja: akifika penye utamu na glasi yake imekauka, anakilaza kitabu mezani. Wasikilizaji wanaagiza nyingine, yeye anaendelea. Riwaya ilirudi kuwa simulizi. Sisi Waswahili tunaweza kukisoma kama Shetani Msalabani.

Baada ya sura ya tatu, someni ya pili juu ya tamthilia, halafu ndipo mrudi ya kwanza. Ya nne iacheni mwisho, na msiisome bila waraka wa 24 Oktoba 1968 ambamo Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe. Waraka umo mwishoni mwa Homecoming. Sura moja kwa wiki inatosha: mara ya kwanza bila kalamu, mara ya pili na penseli, ukiweka D penye dai na U penye ushahidi. Mtakuta kurasa zenye D nne na U moja. Hizo ndizo za kubishana nazo.

Na mbishi wa kwanza tumwite Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria. Katika hotuba yake ya 1964 juu ya mwandishi Mwafrika na Kiingereza, alishikilia kwamba Kiingereza kinaweza kupindwa kibebe mambo yetu. Akatoa mfano kutoka riwaya yake, Arrow of God: kuhani Ezeulu anamweleza mwanawe kwa nini anamtuma kwa Wazungu. Toleo lake lina picha ya mtoto kuwa macho ya baba yake huko. Kisha akaandika toleo la pili, la Kiingereza cha ofisini, ambamo mtoto ni mwakilishi. Kwa Kiingereza tofauti inaonekana mara moja. Ziwekeni kwa Kiswahili: "Nataka mmoja wa wanangu aende kwao, awe macho yangu kule," na "Nakutuma ukaniwakilishe." Ya pili ni ya barua ya mtendaji wa kata, sawa. Lakini ya kwanza haina ugeni wowote. Bibi yeyote wa Ng'ambo au Kachoma angeisema bila kujua amefanya sanaa. Juhudi aliyoifanya Achebe kuipindisha lugha, Kiswahili hakikuihitaji. Kwangu huo ni ushahidi mzuri zaidi wa hoja ya Ngũgĩ kuliko kurasa nyingi za Ngũgĩ mwenyewe. Achebe alikuja kumjibu baadaye kwamba yeye hakuona sababu ya kuchagua moja, alizitaka zote mbili, na jibu hilo lisipuuzwe.

Hapa Tabora, lakini, hoja inageuka. Ngũgĩ anasimulia shule yake ya ukoloni: kifungo kinachopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto, atakayekutwa nacho jioni ni yule aliyesema Kikuyu, na kibao shingoni kinachosema mimi ni mjinga. Anaeleza kuangushwa mara moja, kutoka Kikuyu hadi Kiingereza. Mtoto wa Sikonge au Uyui anayelelewa kwa Kinyamwezi huangushwa mara mbili: darasa la kwanza anakiacha Kinyamwezi aingie kwenye Kiswahili, kidato cha kwanza anakiacha Kiswahili aingie kwenye Kiingereza. Katika kitabu Kiswahili kimekaa na walioonewa. Darasani kwetu kimekaa pia kwenye kiti cha mwalimu.

Najua mtasema Kiswahili si mgeni hapa, na ni kweli. Kilifika Unyanyembe na misafara kabla ya Mjerumani, na wapagazi wa Kinyamwezi wenyewe walikibeba kwenda na kurudi pwani. Ni ndugu wa Kibantu. Shaaban Robert mwenye asili ya Kiyao alikiita titi la mama. Yote hayo yaandikeni pembeni, penye U. Bado hayajibu swali la nani ataandika Kinyamwezi, na kwa herufi zipi. Ukikiandika kwa irabu tano za Kiswahili, mbili zinamezwa, na maneno mawili tofauti yanavaa sura moja. Ni tatizo lilelile la seli namba 16, tofauti ni kwamba sisi karatasi tunazo.

Kwa hiyo wale mnaokijua, toeni daftari. Chukueni sentensi ya Ezeulu na mwanawe, iandikeni kwa Kinyamwezi, kisha mpeni mwenzenu ambaye hajaisikia aisome kwa sauti. Mzee aliye karibu naye asikilize. Neno likitoka vibaya, msimsahihishe msomaji. Pigeni mstari chini ya irabu iliyomkwaza, na tuzihesabu kabla ya maswali.